X ya kijani, X nyekundu: mamlaka ya serikali juu ya kiwanja chako

Barabara kuu inapotaka kupanuliwa, rangi hutangulia greda. Watu wa barabara hupita na kopo na brashi, wanachora X ukutani, wanaandika tarehe, wanaendelea na nyumba inayofuata. X ya kijani maana yake mwenye nyumba atafanyiwa tathmini na kulipwa. X nyekundu maana yake amejenga ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, kwa hiyo atabomoa mwenyewe na hana fidia. Nyumba mbili zinaweza kupakana, zote za tofali za saruji na bati la msauzi, moja ikapata kijani na nyingine nyekundu. Mtaa mzima utasema ni upendeleo. Mara nyingi tofauti ni mita chache tu, na mita hizo zina historia.

Zamani hifadhi ya barabara kuu ilihesabiwa mita 22.5 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake za 2009 zilisogeza kipimo hadi mita 30 kila upande. Katikati ya vipimo hivyo viwili pakazaliwa ukanda wa mita 7.5. Aliyekuwa na nyumba au mikorosho yake ndani ya ukanda huo kabla sheria haijabadilika hakuvamia kitu, barabara ndiyo iliyomfuata. Huyo ni wa kijani. Aliyejenga ndani ya zile mita 22.5, au aliyeingia kwenye ukanda baada ya sheria kubadilika, ni wa nyekundu. Kwa hiyo ukichorewa X chukua futikamba, simama katikati ya barabara iliyopo, pima hadi ukutani, kisha tafuta ushahidi wa mwaka uliojenga: risiti za bati, barua ya serikali ya kijiji, picha ya harusi iliyopigwa barazani. Kama mchoro mpya umehamisha katikati ya barabara, na kwenye kona hilo hutokea, dai upimwe kutoka katikati ya zamani. Jambo hilo liandike, usiishie kulisema kwa mdomo.

Nimeanza na X kwa sababu inaonyesha kitu ambacho huku kusini, Mtwara na Lindi, tunakiruka. Mtu akisikia serikali inataka eneo lake, swali lake la kwanza ni "watanipa shilingi ngapi?" Swali linalopaswa kutangulia ni hili: ni mamlaka gani inatumika juu yangu? Serikali ina mikono kadhaa juu ya ardhi. Kuna mkono wa kutwaa, na huo unalipa. Kuna mkono wa kupanga na kudhibiti, na huo kwa kawaida haulipi. Upo wa kutoza kodi, na upo wa kufuta haki ya aliyevunja masharti. Kila mmoja una karatasi zake, siku zake na mahali pake pa kulalamika. Ukijibu mkono mmoja kwa hoja za mwingine, umeshapoteza.

Chini ya yote hayo kuna msingi mmoja. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zimeigawa katika makundi matatu: ardhi ya jumla (isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Wewe unamiliki haki ya kukaa na kutumia. Mjini haki hiyo hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kijijini ni haki ya kimila, ambayo inaweza kuwa haina kikomo. Wapo wanaodhani shamba la kimila lisilo na karatasi ni kama halina mwenyewe. Mahakama ya Rufani ililimaliza hilo mwaka 1994 katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay: haki ya kimila ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kuichukua bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Mzee wa Tandahimba mwenye mikorosho aliyoachiwa na babu yake analindwa na ibara ileile inayomlinda mwenye hati Shangani, Mtwara mjini.

Sasa mkono wa kutwaa. Sheria yake ni ya 1967, na inampa Rais uwezo wa kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma: barabara, bandari, shule, uwanja wa ndege, mtambo wa gesi. Mikoa yetu imeujua kwa karibu. Mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba ulihitaji eneo, bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilihitaji njia, na kule Likong'o, Lindi, zaidi ya hekta 2,000 zilitengwa kwa ajili ya mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika. Wenye mashamba wa Likong'o walikaa miaka wakisubiri malipo, hawajui kama wapande minazi mipya au waache. Kusubiri kwa namna hiyo ni hasara ambayo haina safu yake kwenye fomu yoyote.

Kwa utaratibu, lazima itolewe notisi ya kusudio la kutwaa, na nyingine itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Mwenye ardhi hatakiwi kuondoka kabla ya wiki sita tangu tangazo hilo, isipokuwa Waziri amethibitisha kwamba kuna dharura. Kisha inawekwa tarehe ya ukomo, siku ambayo baada yake chochote utakachoongeza hakihesabiwi. Watu hupanda miche usiku kucha kuamkia tathmini. Mthamini aliyesomea kazi yake anajua mche wa wiki moja na mche wa mwaka, na akishaona ujanja kwenye kona moja ya shamba atalitilia shaka lote.

Siku ya mthamini ndiyo siku kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoipoteza kwa urahisi. Mthamini aliyesajiliwa anakuja na fomu ya uthamini namba 1, akiongozana na mtendaji au mwenyekiti. Wanapima eneo, wanahesabu miti kwa aina na hali yake, wanapima nyumba chumba kwa chumba, wanaandika choo, kisima, uzio, makaburi. Mwenye mali anapigwa picha akiwa ameshika kibao chenye namba yake. Halafu anaambiwa: "Bibi, weka dole gumba hapa, mengine tutajaza ofisini."

Bibi asiweke. Fomu isiyojazwa haitiwi saini wala dole. Safu ya mikorosho ikiwa tupu leo, kesho itajazwa na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga shamba lile. Mjukuu asimame pembeni, asome kila mstari kwa sauti, bibi akubali au akatae, ndipo dole liwekwe. Baada ya hapo apige picha karatasi yote kwa simu, pande zote mbili.

Kuhesabu mikorosho kuna mtego wake. Kwa nafasi inayoshauriwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja inaingia miti 28 hivi, na hekta moja miti 69. Ukiona fomu inasema ekari tatu na mikorosho 40, na wewe unajua shamba lako limepandwa kwa nafasi hiyo na halina mapengo, kuna mistari imerukwa. Mashamba ya zamani hayakufuata kamba, mengine yamebanana na mengine yana uwazi, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukuamsha tu. Ushahidi ni kuhesabu mwenyewe siku moja kabla, kwa kufunga kitambaa au kupaka chokaa kila shina, na kuandika mikorosho inayozaa, michanga, na iliyozeeka. Bei ya mti haipangwi na mthamini kwa kumtazama usoni mwenye shamba. Inatoka kwenye viwango vya mazao vya ukanda husika. Omba uonyeshwe kiwango kilichotumika na ni cha mwaka gani.

Fidia yenyewe ina vipande vingi, na wengi hulipwa viwili wakaondoka wakishukuru. Kipo cha thamani ya ardhi kwa bei ya soko. Zamani ardhi tupu haikuwa na bei mbele ya serikali, ulilipwa mti na ukuta tu. Sheria za 1999 zilibadilisha hilo, hivyo fomu yenye miti bila thamani ya ardhi ikatae. Kipo cha majengo na mazao. Kipo cha usumbufu: thamani ya ardhi mara wastani wa riba ya amana za miezi 12 katika benki za biashara. Ipo posho ya makazi: kodi ya mwezi ya nyumba kama yako mara miezi 36. Kama nyumba ya aina yako mtaani hupangishwa kwa shilingi 50,000, posho hiyo peke yake ni 1,800,000. Ipo ya kupoteza faida, nayo ni faida halisi ya mwezi mara 36. Hapa mama mwenye genge au mwenye mashine ya kukoboa huumia, kwa sababu hana daftari. Faida ya 120,000 kwa mwezi ingempa 4,320,000, ila bila kumbukumbu yoyote anaandikiwa sifuri. Daftari la shule la mauzo ya kila siku ni bora kuliko kukosa kabisa. Ipo pia ya usafiri, inayokokotolewa kama gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Tatu hizi za mwisho, makazi, faida na usafiri, hazilipwi kwa ardhi ambayo haikaliwi. Shamba lisilo na nyumba wala biashara lisizitarajie.

Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969. Kinacholipwa ni gharama za kuhamisha, kuzika upya na ibada inayoambatana nayo. Familia ikae pamoja mapema, iamue nani atasimama na ni wapi watazikwa upya. Nimeona ni afadhali kulisema hili wazi, kwa sababu ugomvi wa makaburi huanza ndani ya ukoo kabla haujafika serikalini.

Fedha si njia pekee. Kanuni zinaruhusu kiwanja mbadala chenye thamani inayolingana, nyumba mbadala, miche na mbegu, hata chakula kwa muda maalumu. Kwa mkulima wa korosho anayehamia porini, miche bora na chakula cha kusubiria vinaweza kumfaa kuliko milioni zinazoisha kabla ya masika. Uliza.

Halafu kuna saa mbili zinazohesabu. Ya kwanza ni miezi sita: fidia isipolipwa ndani ya muda huo baada ya kuidhinishwa, inaanza kuzaa riba. Ya pili ni miaka miwili: kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini ya 2016, tathmini iliyokaa miaka miwili bila malipo imekufa, lazima ifanywe upya kwa bei za wakati huo. Mtu anayekuja mwaka wa nne na orodha ya mwaka wa kwanza anakuletea karatasi iliyoisha. Usisaini kwa sababu tu umechoka kusubiri.

Malipo mengi hukwama kwa sababu za nyumbani. Jina kwenye fomu ni Saidi Mkumba, kitambulisho cha taifa kinasema Said Hamisi, benki inakataa. Shamba ni la marehemu na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, fedha zinakaa kwenye akaunti ya mradi. Mume amesaini peke yake, mke anaibuka siku ya malipo. Haya yanarekebishika kwa wiki chache kabla ya tathmini, na yanachukua mwaka baada yake.

Ardhi ya kijiji ina ngazi ya ziada. Ili serikali iichukue kwa manufaa ya umma ni lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla au ya hifadhi. Notisi itangazwe, ipelekwe kijijini, ieleze eneo, mipaka na sababu. Kama eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano mkuu unatoa mapendekezo na Waziri anaamua. Na uhamisho haufanyiki mpaka aina, kiasi, njia na wakati wa kulipa fidia vimekubaliwa. Halmashauri ya kijiji, wale watu wasiozidi ishirini na tano, haiwezi kuugawa msitu wa kijiji kwenye kikao cha jioni halafu muhtasari ukaitwa wa mkutano mkuu. Omba kuona orodha ya mahudhurio. Muhtasari bila mahudhurio ni wa kutilia shaka.

Mkono wa pili, wa kupanga, hauna greda wala rangi, kwa hiyo unamkuta mtu akiwa amelala. Mtwara ni mji uliochorwa kabla ya kujengwa, mwishoni mwa miaka ya 1940, ulipotakiwa uwe bandari ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Ndiyo maana una barabara pana hivi. Leo Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inampa mpangaji kalamu ileile kwa Mangamba na Naliendele upande wa Mtwara, Mitwero na Ng'apa upande wa Lindi. Mchoro wa mipango miji ukishaidhinishwa, kila kiwanja kina matumizi yake: makazi, makazi na biashara, shule, eneo la wazi, ibada. Ukinunua kipande kilichochorwa eneo la wazi, karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa haikusaidii. Kibali cha ujenzi hutapata, na kunyimwa kibali si kutwaliwa, kwa hiyo fidia haipo.

Kabla hujalipa hata nusu, chukua majira ya nukta (vipimo vya GPS) za kona za eneo, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, uliza eneo hili liko kwenye mchoro namba ngapi na limepangiwa nini. Jibu lisiwe la mdomo. Kama ni shamba linalopimwa kuwa viwanja na kampuni ya upimaji, na mmekubaliana mgawane, mkataba utaje namba za viwanja kwenye mchoro. Asilimia peke yake ni hatari, maana asilimia 60 yako inaweza kuangukia bondeni.

Kubadili matumizi, tuseme kutoka makazi kwenda kituo cha mafuta, ni safari. Unaomba halmashauri ukiambatanisha nakala ya hati, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi (ile mwenye hati anayoilipa serikali kila mwaka), ramani na maelezo. Linatolewa tangazo ili majirani waseme. Kamati ya mipango miji inajadili, wizara inaidhinisha, hati ya zamani inarudishwa na mpya inatolewa kwa kodi ya kiwango kipya. Anayejenga kwanza akitegemea "kibali kiko njiani" atapata notisi ya kusimamisha, kisha ya kubomoa, na zote mbili zitakuwa halali.

Ufukweni kuna mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka baharini na kwenye kingo za mito. Mikoko ni msitu wa hifadhi, hauuzwi, hata muuzaji akiwa mjumbe. Msimbati una tabaka jingine tena, kwa kuwa umo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000. Mikindani na Lindi mjini viwanja vya kutazama bahari vinauzwa kwa hatua za miguu. Hatua si mita.

Kodi naipita haraka. Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu Agosti 2021. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Hiyo ni tofauti na kodi ya pango la ardhi, ambayo luku haiilipi. Wenye hati wengi wanachanganya hizi mbili, deni la pango linakua kimya. Kutolipa ni kuvunja sharti la hati, sawa na kuacha kiwanja bila kukiendeleza, wakati hati nyingi za makazi zinataka ujenzi ukamilike ndani ya miezi 36. Hapo ndipo mkono wa kufuta unaingia. Halmashauri haifuti hati. Kamishna wa Ardhi anatoa notisi, inahesabiwa siku 90, na Rais ndiye anayefuta. Ndani ya siku hizo lipa deni, anza msingi, andika barua.

Ukiona umeonewa, angalia mlango kabla ya kubisha. Baraza la Kata tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha, haliamui tena kesi za ardhi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linafaa kwa ugomvi wako na jirani. Lakini kesi dhidi ya serikali, na tangu mabadiliko ya 2020 hata dhidi ya halmashauri, inafunguliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu akiunganishwa, baada ya notisi ya siku 90. Kuna waliofungua barazani dhidi ya halmashauri, wakazungushwa mwaka mzima, wakaambiwa baraza halina mamlaka, wakaanza upya nyumba ikiwa imeshalala chini. Siku 90 ni nyingi kwa mtu mwenye X ukutani, kwa hiyo wakili akiandaa notisi mwulize palepale kuhusu maombi ya zuio la muda wakati notisi inaendelea kuhesabiwa. Aende na vipimo vyako vya futikamba, picha ya ukuta yenye rangi na tarehe, na ile picha ya fomu uliyopiga kwa simu siku ya mthamini.